Kwa Mama Atupele, Kuhusu Yale Maji

Mpendwa Mama Atupele,

Kamwene. Najua utacheka kwanza, maana miaka yote tuliyokaa pamoja sikuwahi kuitamka salamu ya kwenu bila wewe kuniambia naitafuna kama muwa. Afadhali karatasi, lafudhi haisikiki.

Barua hii ningeweza kuitia kwenye bahasha na kumpa utingo wa basi la Iringa. Ingekufikia wewe peke yako, ungeisoma, pengine ungeichana, na mambo yangeishia hapo. Nimekataa. Yaliyosemwa juu yako yalisemwa mbele za watu, kwenye msiba, wanawake wa kijiji kizima wakiwa wamekaa kwenye majamvi na wanaume tuko upande wa pili tukisikia. Basi na haya yasomwe mbele za watu. Nakala moja nimeibandika mlangoni pa zahanati, pale tunapobandika siku za kliniki. Nyingine anayo mwenyekiti wa kijiji. Hii uliyoshika ni yako. Wanaoisoma wakiwa kwenye foleni wanisamehe kwa urefu wake. Mnajua wenyewe mganga wenu akianza kuongea hanyamazi upesi. Ila kuna siku moja tu nilipaswa kuongea, na siku hiyo ndiyo nilinyamaza.

Nianze na mtoto, kwa kuwa ndiye anayenijia kila siku.

Anakuja asubuhi, saa nne hivi, foleni ikishapungua. Unakumbuka ilikuwa ndiyo saa yake ya kujipenyeza chini ya meza yangu na kuanza kukohoa? Kikohozi cha uongo kabisa, kikavu kama cha mzee anayetaka apishwe kiti. Alikuwa ameshagundua kwamba watu wakikohoa mbele ya baba yake wanapewa dawa tamu kwenye kijiko. Nikimwambia, "Mgonjwa anayefuata," anatoka na mikono nyuma, uso ameukunja, anajieleza kwa Kinyakyusa cha mama yangu na Kihehe chako vimechanganyika, na Kiswahili anakitia mwishoni, "nimeumwa sana." Hata miaka minne hajafika. Wagonjwa walikuwa wanasahau magonjwa yao wakimwangalia.

Mama Atupele, mpaka leo nikikaa kwenye ile meza navuta miguu nyuma. Naogopa kumpiga teke. Mtu mzima, nywele zimeanza kuingia mvi, miwani nimefungia uzi, navuta miguu kumpisha mtoto ambaye hayupo. Kuna siku mgonjwa aliniuliza kama nina mchwa kule chini. Nikamwambia ndiyo.

Sasa ugonjwa wenyewe. Nitaueleza wote, hata unayoyajua, kwa sababu watu wa foleni walisimuliwa kipande tu, na kipande hicho kilikuwa cha uongo.

Homa ilimwanza siku ya mnada Chimala. Ulirudi na kitambaa cha kushona sare za shule, ukamkuta amelala sakafuni, na si kawaida yake kulala mchana. Nikasema malaria. Hapa kwetu mbugani kila kitu kinaanza na malaria mpaka kijionyeshe ni kingine. Nikamsagia klorokwini, akanitemea yote kwenye koti jeupe, na wewe ukasema, "Angalau hajapoteza shabaha." Siku ya pili homa ileile. Siku ya tatu ileile. Siku ya nne macho yakawa mekundu, vipele vikamtoka kifuani, midomo ikapasuka, na mimi nikavuta daftari la wagonjwa nikaandika surua. Surua ilikuwa imeingia kitongoji cha chini wiki ileile, watoto sita tayari. Mganga gani angeandika kingine?

Wewe ulikuwa umekaa naye mapajani, unamgeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha kama unavyokagua mshono.

"Baba Atupele, hii siyo surua."

"Kumbe ni nini, daktari?"

"Sijui. Surua ina mafua. Huyu pua yake kavu. Macho ni mekundu lakini hayana tongo hata kidogo."

Nikacheka. Nakumbuka nilivyocheka, kile kicheko changu cha zahanati, ninachokitumia mtu anaponiambia kidonge cheupe ni kikali kuliko cha njano.

Ukaendelea. Ukanionyesha ulimi, mwekundu, una vijipele kama tunda la forosadi. Ukanionyesha viganja vilivyovimba mpaka vidole haviwezi kukunjika. Ukanishika mkono wangu ukaupeleka shingoni mwake, upande mmoja tu, palikuwa na tezi kubwa kama kunde zilizorundikana. Halafu ukapandisha mkono wa gauni lake, begani, ukasema, "Na hili kovu la chanjo ya kifua kikuu, mbona limewaka? Lilikuwa limekufa siku nyingi."

Nikasema chanjo imekumbuka kazi yake. Nililiona hilo kuwa neno la busara sana.

Mwisho ukaniambia jambo ambalo lilitosha peke yake. Ukasema Atupele alishaugua surua kwenu Ifunda, ile miezi mliyokaa kwa kaka yako mimi nikiwa kozini.

"Kwenye kadi yake haijaandikwa," nikakujibu.

"Kadi haikuwepo kule. Mimi nilikuwepo."

Na mimi nikaamini kadi.

Mama yangu aliwasili keshoye kutoka Tukuyu, na mkungu wa ndizi, kuja kumwangalia mjukuu. Mnajua wengine wenu jinsi wazee wetu wanavyouguza surua, na ninyi wa Uhehe na Usangu hamna tofauti kubwa nao. Mtoto anafichwa chumbani, dirisha linazibwa, hachomwi sindano, na zaidi ya yote hagusi maji mpaka vipele vikauke. Akiguswa na maji, wanasema, surua inarudi ndani. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka vijijini na baiskeli ya serikali kuwaambia akina mama wasiyaogope maji. Nilikuwa nawahutubia mpaka koo linakauka. Homa ikimpanda mtoto, mpanguse kwa maji ya vuguvugu, mpooze mwili asije akapata degedege. Na siku ile homa ya Atupele ilipopanda mpaka kipimajoto kikanitisha, nilikuita jikoni, nikakwambia kwa sauti ya chini:

"Chukua beseni. Mpanguse mwili mzima, usiache."

Kwa nini kwa sauti ya chini? Kwa sababu mama yangu alikuwa sebuleni. Ndiyo hivyo. Mhubiri wa maji wa tarafa nzima, mbele ya mama yake mzazi alikuwa mtoto wa darasa la pili.

Ukachukua beseni. Ulikuwa unampangusa uani, pale penye kivuli, unamwimbia, na mama akatokea mlangoni.

"Nani amekwambia umwogeshe mtoto wa surua?"

Ukainua macho. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, hatua tatu. Ukaniangalia mimi, halafu ukamwangalia yeye. Mama Atupele, ulikuwa na sekunde nzima ya kunitaja.

"Nimeona anaungua, mama," ukasema.

Ukasema *nimeona*. Ukayabeba yale maji yakawa yako. Na mimi nikageuka nikaelekea zahanati kana kwamba nimeitwa. Hakuna aliyeniita.

Homa ilikatika yenyewe baada ya siku kumi na moja. Vipele vikaondoka, macho yakasafishika, akadai uji wa ulezi wenye sukari nyingi. Nilitembea kijijini kifua mbele. Baada ya siku chache ngozi ya vidole vyake ikaanza kuachia, kuanzia pembeni mwa kucha, ikawa inabanduka mapande mapande kama ganda la kitunguu. Yeye alifurahi mno. Alikuwa anaivuta taratibu, ulimi nje, halafu anakwenda kuwaonyesha watu. Siku moja akaja kwenye meza yangu akaniwekea kitu kiganjani. Ngozi ya kidole gumba, nzima, kama kofia ndogo.

"Baba, shika. Zawadi."

Nikaipokea nikaitia mfuko wa koti. Nikawaambia wagonjwa, mwaona, surua inavua magamba, imeshindwa. Wote wakacheka. Koti hilo sijalifua tena, nimelikunja lipo chini ya kitanda, na mfuko wake sijawahi kuufungua.

Ninakuja sasa kwenye aspirini.

Wakati wa homa nilikuwa nampa vipande vya aspirini, kama tulivyofundishwa. Zahanati hupokea kopo moja kubwa, na kopo hilo linatakiwa lifike mwisho wa mwezi, watu wa vitongoji vyote vya kijiji wakiumwa vichwa, migongo na meno. Nilikuwa na sifa ya uchoyo wa aspirini, na sifa hiyo niliipenda. Homa ikiondoka, kidonge kinakoma, iwe mtoto wa mwenyekiti au wa nani. Kwa hiyo siku homa ilipokatika nilichukua kopo, nikafunga kifuniko, nikalirudisha juu ya kabati. Wewe ulikuwa mlangoni na kikombe cha maji cha kummezeshea.

"Tusiendelee kidogo?"

"Homa imekwisha. Dawa ya nini?"

"Bado anachoka. Akikimbia mpaka mlangoni anakaa chini. Na usiku moyo unamwenda mbio, nausikia mgongoni mwangu."

"Ametoka kuugua, Mama Atupele. Hata wewe ungekaa chini."

Ukakimwaga kile kikombe nje. Hukubishana. Ulikuwa umeshabishana mara nyingi mwezi ule na hukushinda hata mara moja.

Ilikuwa wiki ya tatu baada ya homa kukatika, siku ya Jumatano, mchana, jua kali. Nilikuwa nafunga kidonda cha mtu aliyejikata kwa mundu mpungani. Atupele alikuwa nje na wenzake wanarukia makapi ya mpunga. Nilisikia kelele za watoto zikikoma, siyo zote, moja tu katikati ya nyingine, na bado sijui mtu anawezaje kusikia kitu kama hicho. Aliingia akitembea mwenyewe. Alikuwa mweupe midomoni. Akasema, "Baba, hapa," akaweka kiganja kifuani, nikadhani ni mchezo wake, nikamwambia, "Mgonjwa anayefuata." Akakaa sakafuni. Kisha akalala. Yule mtu wa kidonda ndiye aliyesimama kabla yangu.

Hayo mengine unayajua. Ulifika na sindano ya kushonea bado ipo kinywani.

Msibani, siku ya pili, mama yangu alisema. Hakusema kwa ubaya, nataka nimtendee haki. Alikuwa analia, na mtu anayelia hutafuta mahali pa kuweka kilio chake. Alisema surua ilikuwa imekwisha kutoka, ikarudishwa ndani kwa maji, ikakaa moyoni ikingoja. Akasema alimkuta mkwewe na beseni uani. Wanawake wakaguna. Baadhi yao ni wale wale niliowahubiria maji. Nikaona macho yanahama, moja moja, yanakujia wewe uliyekuwa umeketi umejifunika kanga kichwani. Na wewe ukaifunua ile kanga kidogo ukaniangalia upande wa wanaume. Hukuomba kwa mdomo. Uliniangalia tu.

Nilikuwa nimekaa kwenye gogo, naangalia viatu vyangu.

Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile. Nilijiambia nikisema niliagiza mimi, watu wataacha kuleta watoto zahanati. Nilijiambia maneno yatapoa. Nilijiambia mwanamke mwenye akili kama yako hatajali maneno ya wazee. Baada ya arobaini uliniuliza mara moja tu, tukiwa wawili, unafunga uzi.

"Utasema?"

"Nitasema. Maneno yapoe kwanza."

Wewe ndiye uliyepoa. Ukaacha kunitania. Wateja wa kushonesha wakapungua, wengine wakasema hawapeleki nguo za watoto kwako, na nilisikia, na nilijifanya sikusikia. Kaka yako alipokuja kukuchukua alikuta nimekwenda kutoa chanjo kitongoji cha mbali kabisa. Nilichagua mimi mwenyewe siku ile na kitongoji kile. Niliporudi nyumba ilikuwa imefagiwa, maji yamejazwa mtungini, na cherehani haipo.

Mwaka jana tuliitwa semina Mbeya, waganga wa zahanati wote wa wilaya. Tulifundishwa na daktari wa watoto, kijana wetu mmoja aliyetoka masomoni nje. Siku ya mwisho alisema atatuonyesha jambo ambalo pengine tumeshaliona bila kulijua. Akainua picha kutoka kwenye jarida. Ilikuwa picha ya mikono ya mtoto. Vidole tu, na ngozi inaachia kuanzia pembeni mwa kucha.

Nilijua kabla hajafungua mdomo.

Akasema ni ugonjwa ulioelezwa na daktari mmoja wa Japani, miaka michache tu iliyopita, na kwamba hata wao hawajui unaletwa na nini. Unawashika watoto wadogo, wengi hawajafika miaka mitano. Hauna kipimo cha damu cha kukupa jibu; unautambua kwa macho, kwa kujumlisha dalili. Akaanza kuzitaja. Homa siku tano na kuzidi, isiyosikia dawa. Macho mekundu yasiyo na tongo. Midomo iliyopasuka na ulimi wenye vijipele. Viganja na nyayo kuvimba, vipele mwilini, tezi shingoni upande mmoja. Na kwa baadhi ya watoto waliochanjwa, akasema, kovu la chanjo ya kifua kikuu huwaka upya. Mama Atupele, alikuwa anasoma maneno yako. Kwa mpangilio uleule karibu. Nilitaka kumuuliza kama aliwahi kushona nguo kwenu Ifunda.

Kisha akaeleza kinachoendelea ndani. Mishipa ya damu inavimba, hasa ile midogo inayoulisha moyo wenyewe. Akatumia mfano wa tyubu ya baiskeli iliyochoka upande mmoja: ukijaza upepo inatoa jipu. Mshipa unatanuka hivyo, damu inazubaa humo ndani, inaganda, na siku moja donge linaziba njia. Mtoto amekwisha kupona, anacheza. Homa imeshasahauliwa.

Mmoja akauliza dawa. Akasema, "Aspirini. Dozi kubwa wakati wa homa, halafu ndogo kila siku kwa wiki nyingi hata kama homa imekwisha, ili damu isigande, na mtoto asikilizwe moyo mara kwa mara."

Ukumbi mzima ukacheka. Unajua sisi waganga na aspirini. Mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe tuna dawa ya Kijapani kabatini." Na mimi nilicheka, maana kila mtu alikuwa anacheka. Kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka basi letu lilipokuja.

Nilimfuata yule daktari kabla hatujaondoka. Nilimweleza kama habari za mtoto wa mtu mwingine. Nikamuuliza, wangeendelea na kidonge angepona? Akasema, "Huenda. Wengine hufa hata wakipewa." Nikamuuliza, na maji? Mama yake alimpangusa kwa maji. Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Maji yanahusika nini hapo?" akasema.

Nilirudi na jibu hilo, nikakaa nalo mwaka mzima bila kukuandikia. Kwa hiyo usije ukasema nimebadilika haraka.

Masika haya alikuja mama mmoja wa Kisukuma, wale waliohamia mbugani na ng'ombe wao, amebeba kitoto cha kiume cha miaka miwili. Homa siku ya sita. Zahanati ilikuwa imejaa surua tena. Nilishika kalamu, na kabla sijaandika nikamuuliza, "Wewe unaonaje?" Aliogopa. Akaniambia yeye hajasoma. Nikamwambia sijauliza shule, nimeuliza mtoto. Akafikiri, akasema, "Hapigi chafya." Nikapandisha mkono wa shati la mtoto. Kovu lilikuwa limewaka.

Niliwapakia kwenye lori la mpunga mpaka Mbeya kwa daktari yule, na waliporudi nilimpa kidonge mimi mwenyewe, kila siku, wiki baada ya wiki. Nilimwendea kwa baiskeli mpaka kwenye mazizi yao, mpaka mbwa wao wakanizoea. Siku ngozi ya vidole vyake ilipoanza kuachia nilishika nguzo ya zizi nikashindwa kuendelea, na baba yake akanipa maziwa akidhani ni njaa. Mtoto anaendelea vizuri. Sina hakika hata leo kama ulikuwa ugonjwa uleule. Ninachojua ni kwamba mama yake alipouliza, "Tuendelee?" nilimwambia tuendelee, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nakusikia wewe.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, wakati wa matangazo, niliomba nafasi. Mchungaji alidhani ni habari za kliniki. Mama yangu alikuwa kwenye benchi la mbele, siku hizi anaishi nami, macho yamepungua. Nilisema yote haya, kwa ufupi kuliko humu. Nikasema, "Mama, yale maji niliagiza mimi. Hayakumdhuru mtoto. Dawa ambayo pengine ingemsaidia niliirudisha kabatini mimi, mama yake amesimama na kikombe. Aliona kila kitu, nikamcheka."

Hakuna aliyeguna. Mama aligeuza kichwa huku na huku, akitafuta uso wangu ulipo.

"Mbona hukusema siku ileile, nikiwa mlangoni?"

"Nilikuogopa, mama."

"Na yeye," akasema, "yeye hakuniogopa?"

Kesho yake nilikuta amefunga kifurushi chake, anataka apelekwe Ifunda. Nimemwomba angoje, kwamba nyumba ile si yetu ya kuingia tunavyotaka. Anasema hataki chai wala kiti. Atasimama uani, aseme, arudi na basi lilelile. Ukitaka asije, niandikie neno moja tu, nitamwambia. Ukikaa kimya nitamleta mpaka stendi na mimi nitabaki hapohapo.

Sikuombi urudi. Nimesikia kwa wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni kwamba una nyumba yako, na una mtoto, anatambaa. Nilifurahi, halafu nikaogopa, na sijaacha kuogopa. Nakuomba kitu kimoja, na wanaosoma mlangoni nawaomba pia. Mtoto huyo akiugua, ukamkagua kwenye mwanga wa dirisha kama unavyojua wewe, na mtu wa koti jeupe akakwambia ni surua na wewe unaona siyo, usimwage maji ya kikombe. Simama palepale mlangoni. Mwambie arudie kuangalia, na asipoangalia, mpeleke mtoto kwingine. Mwambie mimi nimekutuma. Mwambie nilikuwa na mtoto mmoja, na mama yake alikuwa amesema.

Nakuaga kutoka kwenye meza ileile, miguu nimeivuta nyuma.

Mimi,
Baba Atupele